Jumatano ya Kuamkia Maulidi

Kitongoji cha Mtoni, Mahurunga
24 Novemba 2023

Mwanangu Asia,

Salamu zako nilizipata kupitia kwa Lucy, yule dada wa kaunta ya vifurushi stendi ya Mtwara, nami nazirudisha kwako na kwa mama yako. Mwambie kaka yake anaomba presha yake itulie, na asihangaike na habari za huku. Korosho za upande wa juu zimeanguka vizuri, huku bondeni kiasi tu. Jua ni kali. Visima viwili vya kitongoji vimekauka, tunangoja trekta la maji mara mbili kwa wiki. Dada yako Fatuma yupo. Nyumbani hatujambo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu mnara wa simu umekufa tangu mwezi wa tisa, na anayetaka mtandao anapanda baiskeli mpaka Ziwani. Hata mtandao ungekuwepo, jambo lenyewe nisingelisema kwenye simu.

Kuna ugonjwa. Mtu anaanza kutokwa na mate, anatapika, macho yanakuwa na mboni ndogo kama punje ya mtama, halafu miguu inalegea. Wakubwa wengi wanapona. Wadogo wengine hawaponi. Sista Veronika, muuguzi wa zahanati, ambaye amerudi juzi tu kutoka likizo ya uzazi, ametutaka wenyeviti wa vitongoji tuandike kila aliyepatwa, hata wa zamani, na siku aliyoanza kuumwa. Tumeandika. Mistari imefika mia nne na kumi na saba, kutoka vitongoji vinne, kila mtu na mwandiko wake na namna yake ya kuandika tarehe.

Watu wameshaamua wenyewe. Tarehe mosi mwezi huu alivuka mto mwanamke mmoja anaitwa Tatu, na mama yake mzee, Bi Somoe. Wamekimbia vurugu za ng'ambo, na mimi ndiye niliyewapokea na kuwaonyesha kibanda cha kulala. Huyu Tatu ni mtu wa kimya. Hanywi maji nyumbani kwa mtu yeyote. Ukimkaribisha anashukuru na kuinuka, kisha anakwenda kuchota mtoni mwenyewe, kwenye mamba. Unajua watu wanavyosema mambo kama hayo.

Mkutano wa kijiji ni Jumapili tarehe 10 Desemba. Wanataka kujua ugonjwa ulianza lini, kabla hajavuka au baada ya kuvuka. Nimempa karatasi zote Petro, yule mchapaji wa Mtwara mjini, azichape kama zilivyo na kukutumia kwenye kompyuta. Wewe kazi yako ni takwimu. Nitafutie tarehe ya mwanzo kabisa katika orodha ile. Andika kwenye karatasi, tia saini, niisome mbele ya watu.

Mimi mjomba wako,
Mwl. Hashimu

*

Dodoma
4 Desemba 2023

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilikaa stendi siku nne kabla Lucy hajapata dereva wa kumwamini, kwa hiyo nakujibu kwa haraka ikuwahi. Mama hajambo. Ametoka hospitali na anatembea mpaka dukani. Kila siku anauliza habari za huko, hasa za Mwanakombo wa Fatuma, kama ameanza kusoma herufi. Mwambie bibi wa Dodoma anamsalimu sana.

Orodha niliipata kwa Petro. Kwa mkono ingenichukua siku nzima, nami kesho alfajiri nasafiri kikazi kwenda Singida, kwa hiyo nimeandika programu ndogo ya mistari sita. Inafungua orodha, inachukua safu ya tarehe, inatafuta iliyo ya chini kuliko zote. Haikuchukua hata sekunde moja.

Tarehe ya mwanzo kabisa ni 02/11/2023.

Karatasi niliyotia saini na mhuri wangu wa kazi iko ndani ya bahasha hii. Mjomba, naona maana yake ni nini. Ni siku moja baada ya yule mama kuvuka. Lakini tarehe peke yake haisemi nani kaleta nini. Naomba uwaambie hivyo kwenye mkutano.

Mpwa wako,
Asia

*

Mtoni, Mahurunga
21 Desemba 2023

Mwanangu Asia,

Marahaba. Karatasi yako ilifika Ijumaa, siku mbili kabla ya mkutano. Ahsante kwa kazi.

Mvua zimeanza. Mto umeshapanda hadi kwenye mihogo ya chini, na watu sasa wanakinga maji ya mabati kwenye vyungu na ndoo, hawangoji tena trekta. Korosho zilizobaki chini zimeloa. Fatuma ana mafua kidogo.

Mkutano ulifanyika. Niliisoma karatasi kama ilivyo. Mambo yamekwisha kwa usalama. Yule mwanamke na mama yake mzee wamerudi kwao.

Tangu waondoke, wagonjwa wamepungua. Wiki hii Sista Veronika ameandika wawili tu. Watu wanasema waliona mbali.

Msalimie mama yako. Kuhusu jambo hili usiniulize zaidi, nimechoka.

Mjomba wako,
Hashimu

*

Dodoma
9 Januari 2024

Shikamoo Mjomba,

Mama hajamwona mtu wa Mtwara tangu Idi, na leo asubuhi ameniuliza tena kuhusu Mwanakombo. Nikamwambia hajambo. Wakati huo nilikuwa sijaifungua tena orodha.

Nimekosea, Mjomba. Nakueleza taratibu kwa sababu wewe ni mwalimu na utaelewa.

Petro alichapa tarehe kama maandishi. Kwa macho yangu na yako ni tarehe, ila kwa mashine ni herufi tu, kama jina la mtu. Nilipoiambia itafute iliyo ya chini kuliko zote, ilifanya kama unavyopanga majina kwenye rejista ya darasa: ikaangalia herufi ya kwanza kutoka kushoto, halafu ya pili. 02/11/2023 inaanza na sifuri. 30/09/2023 inaanza na tatu. Ikaona sifuri iko chini ya tatu, ikaamua hapo hapo. Haikufika hata kuuangalia mwezi. Mwezi wa tisa ukasukumwa nyuma ya mwezi wa kumi na moja kwa sababu ya tarakimu moja.

Nilipaswa kuibadilisha kila tarehe kwanza iwe tarehe kweli, ihesabike kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ndipo nilinganishe. Ni jambo la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sikulifanya kwa sababu nilikuwa nafunga begi. Mwenzangu wa ofisini, Gideoni, ndiye aliyeligundua, nilipokuwa namwonyesha ile programu na kujisifu.

Nimeirudia ipasavyo. Watu ishirini na watatu waliumwa kabla Tatu hajavuka mto. Ishirini na watatu, Mjomba. Wa kwanza, mashine inasema, ni wa tarehe 30 Septemba.

Lakini kuna mistari tisa ambayo mashine haikuweza kuisoma, kwa kuwa walioandika hawakuandika namba. Mmoja kaandika "siku ya gulio". Mwingine "wiki ya mtihani wa darasa la saba". Hiyo tisa niliisoma mwenyewe, mmoja mmoja. Wa saba unasema hivi:

"Jumatano ya kuamkia Maulidi. Mtoto wa kike, miaka sita. Mate, kutapika, miguu kulegea. Amefariki siku ya tatu. Mwanakombo, nyumba ya mwenyekiti."

Maulidi yaliangukia Alhamisi, tarehe 28 Septemba. Jumatano ni tarehe 27. Hakuna tarehe iliyoitangulia.

Nimeusoma mstari huo mara nyingi mpaka nikashindwa kuona maandishi. Mtoto amezikwa miezi mitatu iliyopita na sisi tunamtumia salamu. Kwa nini hukutuambia?

Na Tatu yuko wapi? "Wamerudi kwao" ni maneno gani? Kwao ndiko walikokimbia.

Mama sijamwambia. Nangoja barua yako.

Asia

*

Dodoma
2 Februari 2024

Shikamoo Mjomba,

Lucy anasema bahasha yangu ilichukuliwa na Fatuma mwenyewe tarehe 14 Januari, kwa hiyo najua imefika. Hujajibu. Sitaandika salamu nyingi. Mama nimemwambia, kwa sababu sikuweza kuendelea kumdanganya usoni. Hakulia. Alikaa kitandani na kutaka nimtajie siku, na nilipomtajia akasema, "Siku hiyo nilikuwa wodini. Hashimu aliogopa kuniua." Tangu hapo hali chakula vizuri.

Sikutulia. Nimepanga orodha upya, safari hii kwa tarehe na kwa nyumba, na nakala iko ndani ya bahasha hii. Wote ishirini na watatu wa mwanzo ni wa kitongoji chako. Hakuna hata mmoja wa vitongoji vingine mpaka katikati ya Novemba. Kitu kiliingia Mtoni kabla ya Maulidi.

Nilimtumia Sista Veronika ujumbe, na alipopanda Ziwani kuripoti chanjo akanipigia. Nilimsomea majina ishirini na matatu. Akasema anazijua nyumba hizo zote kwa sababu ndizo anazopita kupima watoto, na kila moja ina pipa la bluu la kuwekea maji. Nikamuuliza yalitoka wapi. Akasema, "Muulize mwenyekiti."

Nakuuliza basi. Mapipa yalitoka wapi, na yalikuwa na nini kabla ya maji?

Usiniambie ugonjwa ulipungua baada ya Tatu kuondoka. Ulipungua mvua iliponyesha, watu walipoacha kunywa maji ya mapipa. Uliniandikia mwenyewe kwamba wanakinga kwenye vyungu. Mvua ikikatika watayarudia.

Uliniandikia pia kwamba Tatu hakunywa maji nyumbani kwa mtu. Kuna aliyemuuliza kwa nini?

Sista anakusanya maji kutoka nyumba tano kwenye chupa, ayapeleke mjini yakapimwe. Anasema nyumba tatu zimemfungia mlango. Mjomba, wewe ukisema neno moja zitafunguliwa.

Asia

*

Mtoni, Mahurunga
19 Februari 2024

Mwanangu Asia, na dada yangu,

Nawasalimu wote wawili. Barua zako mbili ninazo hapa mezani. Nilizijibu mara nne, nikachana mara nne.

Mwanakombo alianza kutokwa na mate Jumatano adhuhuri, tukidhani kala embe bichi. Alhamisi watu walikuwa kwenye Maulidi, mimi niko naye mkekani. Ijumaa baada ya swala alikwisha. Dada yangu alikuwa amelazwa, na daktari wake alishasema asipewe habari nzito. Nikasema nitangoja wiki moja. Baada ya wiki moja ikawa vigumu. Baada ya mwezi ikawa haiwezekani.

Kuna jambo jingine. Siku ya mazishi walianza kumtazama Fatuma. Ameachika, amerudi kwa baba yake, na mtoto wake kafa akigeuza macho. Nilisikia wanawake wawili wakisema mtoto hafi vile bila mkono wa mtu wa ndani. Watu wakasahau kidogo pale wengine walipoanza kuumwa, kisha Tatu akavuka, wakapata wa kumtazama.

Sista alipotuagiza tuandike wote, nilimwandika Mwanakombo. Nimefundisha miaka thelathini na mbili na sijawahi kufuta jina kwenye rejista. Lakini mkono ulikataa kuandika namba, ukaandika Maulidi. Sijui nilitaka mashine yako ilione au isilione.

Halafu karatasi yako ikaja na tarehe mbili Novemba. Asia, niliposoma tu nilijua si kweli. Nilikuwa na kaburi la tarehe 29 Septemba nyuma ya nyumba yangu. Nikasimama mbele ya watu nikaisoma, na mhuri nikawaonyesha. Ulinitaka niwaambie kwamba tarehe peke yake haisemi kitu. Sikuwaambia.

Tatu alikuwepo, amesimama pembeni. Walimpa siku tatu. Walitaka mimi mwenyewe niwasindikize, kwa kuwa ndiye niliyewapokea. Tulishuka mtoni Jumatano ile asubuhi, mvua inanyesha na maji yamepanda, na Hassani mwenye mtumbwi hakutaka kuvuka mpaka nilipomwamuru. Bi Somoe alibebwa. Niliona haya, nikampa Tatu pipa dogo la bluu akahifadhie maji huko aendako. Alilipokea kwa mikono miwili bila kuniangalia. Mimi nikageuka nikapanda juu, sikuwatazama wakiondoka.

Mapipa niliyaleta mimi. Mwezi wa tisa visima vilipokauka nilikwenda mjini kuomba msaada, na mtu mmoja kule Ufukoni, ambaye hata jina hakunipa, akaniambia ana mapipa yanayotupwa, nichukue niwasaidie watu wangu. Lebo zilikuwa zimekwanguliwa. Yalinukia kidogo, nikayasuuza kwa majivu na sabuni. Yalifika Jumamosi tarehe 23. La kwanza niliweka kwangu.

Baada ya barua yako nililifungua, nikaingiza kichwa. Asia, mimi nimepulizia mikorosho tangu niko kijana. Harufu ile naijua. Ni dawa ya wadudu, ile ya maji inayotiwa kwa kifuniko kimoja tu kwenye bomba zima. Nilikuwa naijua tangu siku ya kwanza kama ningetaka kuijua.

Nyumba zilizomfungia Sista mlango, mojawapo ni yangu. Leo nimemfungulia.

Kesho navuka. Lile pipa nililompa Tatu liko ng'ambo, na kama wanalinywea, ni mimi.

Hashimu

*

Dodoma
3 Machi 2024

Shikamoo Mjomba,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Siku kumi na tatu zimepita tangu uliposema unavuka. Fatuma kamwambia Lucy kwamba hujarudi. Sista anasema mto umejaa kuliko mwaka jana, na Hassani amerudi peke yake, akisema alikushusha salama upande wa pili na kwamba ulimtaka asikungoje.

Mama amefungasha nguo. Nimemzuia mpaka tupate neno.

Majibu ya maji yametoka. Ni kama ulivyonusa. Sista ameambiwa mapipa yote yaondolewe na yasichomwe moto, yakusanywe mahali pamoja mpaka gari la wataalamu lije. Ofisini kwangu nimeandika maelezo ya kosa langu, na jina langu juu yake.

Mjomba, nimefikiri jambo. Ukirudi, watu watataka maelezo. Unaweza kuwaambia kwamba mashine ilikosea, na ni kweli ilikosea. Nitaandika barua nyingine yenye saini yangu, ieleze kila kitu kuhusu tarehe zilizosomwa kama herufi. Hakuna atakayejua kwamba ulikuwa unajua. Nimekosa mimi kwanza, acha nibebe mimi. Mimi niko Dodoma, hawatanifanya kitu. Wewe unaishi nao.

Tuma neno, hata moja.

Asia

*

Mtoni, Mahurunga
17 Machi 2024

Mwanangu Asia, na dada yangu,

Niko hai na tuko katika mwezi mtukufu, siku ya sita leo. Nimekonda, na mguu wa kushoto una kidonda cha kutembea kwenye tope. Fatuma ananipikia futari, anaiweka mlangoni kwangu, anaondoka.

Kumpata Tatu kulinichukua siku tisa. Vijiji vya karibu na mto havina watu. Nilikuta nyumba zilizo wazi, majungu mekoni, na mbwa. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa anachimba mihogo ya shamba lisilo lake alinielekeza kwenye kambi ndogo iliyo porini, mwendo wa nusu siku kutoka mtoni. Tatu alikuwa anasuka ukili. Aliponiona hakusimama.

Nikamuuliza habari za mama yake. Akaonyesha kwa kidole kaburi nyuma ya kibanda, bado lina udongo mpya. Bi Somoe alilowa siku ile ya kuvuka, kifua kikambana, hakufikisha miezi miwili.

Nikamuuliza habari za pipa. Akasema hakulivusha. Aliliacha ukingoni, upande wetu, mara tu nilipogeuka. Alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye mashamba ya korosho huko ng'ambo, na harufu ile aliijua tangu nyumba ya kwanza aliyokaribishwa maji. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia alisema. Aliwaambia wanawake waliokuwa wakingoja trekta la maji kwamba maji ya mapipa yanaua, nao wakajibizana: amejuaje, kama si yeye aliyetia.

Hilo mimi nililisikia mwezi wa kumi na moja, Asia. Sikukuandikia.

Nilimweleza basi habari ya karatasi, jinsi mashine ilivyosoma tarehe kama herufi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono inasuka. Kisha akaniuliza, "Siku ile unasoma, mwalimu, ulijua?"

Nikamwambia nilijua.

"Basi kawaambie hivyo. Habari ya mashine msiisingizie. Waambie ulijua."

Nikamwomba arudi nami, nimjengee. Akakataa. Nikamwomba msamaha, akaniambia jua linashuka na njia si nzuri, niondoke. Nikaondoka.

Barua yako ya kutaka kunibebea kosa niliikuta nyumbani. Ahsante, mwanangu. Sikuitumia.

Mkutano niliuitisha Jumapili iliyopita, tarehe 10, kabla mwezi haujaandama. Sista Veronika alikaa karibu nami na majibu ya maji. Nilisoma orodha yako mpya, jina moja moja, na siku zake. Nilianza na nyumba yangu. Nilisema: Jumatano ya kuamkia Maulidi, Mwanakombo, mjukuu wangu, kwa maji ya pipa nililolileta mimi. Nikasema kwamba Desemba nilijua tarehe niliyowasomea ni ya uongo, nikawasomea, na wanawake wawili wakatolewa kwa neno langu, na mmoja wao amekufa.

Nilidhani watanipiga. Hakuna aliyenyanyua mkono. Wengi walitazama chini, maana waliopiga kelele siku ile tunafahamiana. Mzee Rajabu, aliyezika watoto wawili, aliinuka akaniuliza kama lile pipa alilolilipia kwa shukrani na kuku mmoja ndilo hilo. Nikamjibu ndilo. Akaketi. Fatuma alikuwa nyuma kwa wanawake, akaondoka hata sijamaliza. Tangu hapo hajasema nami. Yeye hakujua habari za pipa mpaka aliposikia pamoja na watu wote.

Uenyekiti nimeuacha pale pale. Hakuna aliyenisalimu tangu siku hiyo isipokuwa Sista, na muadhini kwa sababu ya swala.

Mapipa tuliyakusanya siku tatu mfululizo, tukayaweka kwenye boma bovu la ghala la zamani na kulizungushia miiba. Niliyaleta arobaini na moja. Ndani ya boma yako thelathini na nane. Nimeyahesabu mara tatu, na Sista mara mbili.

Moja ni lile ambalo Tatu aliliacha ukingoni, na aliyeliokota hajulikani. Mawili sijui kabisa, wengine wanasema yalibadilishwa na mbegu za mtama huko Ziwani, wengine wanasema yalikwenda na harusi. Mvua zitakatika mwezi ujao, mtu atalikuta pipa lake tupu mlangoni na kulijaza. Juzi Sista ameandika mgonjwa mpya daftarini. Ni mama mwenye mimba, wa Ziwani.

Dada yangu asije sasa. Aje baada ya Idi, amkute Fatuma, maana anamhitaji kuliko anavyonihitaji mimi.

Tangu jana nimeanza Ziwani kwa miguu. Naingia nyumba kwa nyumba. Wengi bado hawajasikia, wananikaribisha kiti na kuniita mwalimu. Nawaambia kwanza mimi ni nani na nimefanya nini. Kisha nawaomba wanionyeshe wanapoweka maji.

Mjomba wako,
Hashimu